Mwalimu wa PE aliyekabidhiwa darasa lililowashinda wengine



Skuli zinapofunguliwa, mzazi wa Pwani huwa na maswali yake. Karo ni ngapi? Sare zauzwa wapi? Mwaka jana skuli ilipata alama gani katika mtihani wa kitaifa? Na je, msikiti uko karibu? Ni maswali ya maana na mimi pia nimeyauliza. Lakini katika mikutano yote ya wazazi niliyohudhuria, sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza iwapo mwalimu wa PE yupo, na kama yupo, hufunza nini.

Sababu twaijua. Sekondari niliyosomea mimi miaka ya tisini ilikuwa na kipindi cha PE kwenye ratiba, na kwenye ratiba ndiko kilikobakia. Wiki hii mwalimu wa hesabu alikichukua kumalizia silabasi, wiki ya pili tukafagia uwanja. Siku ya bahati tulirushiwa mpira mmoja, wavulana arubaini tukaukimbilia, naye mwalimu akaketi chini ya mwarobaini na gazeti lake. Wasichana walikaa kivulini, vitabu mapajani. Kuhusu afya ya miili yetu, iliyokuwa ikibadilika kila uchao, hapana aliyetamka neno. Mtihani haukuuliza hayo, na kwetu sisi kisichoulizwa kwenye mtihani huhesabiwa kuwa hakipo.

Leo nataka tumtazame mtu aliyeyatoa maisha yake kwa kipindi hicho hicho tunachokidharau. Jina lake ni James Naismith. Anayemjua humjua kuwa ndiye aliyebuni mpira wa vikapu. Vijana wetu wanaotoka jasho pale Makande wanacheza mchezo wake, na timu za Halmashauri ya Bandari, ya wanaume na ya wanawake, zimejipatia jina kwa mchezo huo. Lakini kuubuni mchezo ule kulimchukua wiki mbili tu katika umri wa miaka 78. Miaka mingine yote ya utu uzima wake alikuwa mwalimu wa mazoezi na afya, na hiyo ndiyo sehemu isiyosimuliwa.

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario nchini Kanada, katika familia yenye asili ya Scotland. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwachukua baba na mama, mtoto hajatimiza hata miaka kumi. Yatima huyo akalelewa na jamaa za mamake, hasa mjomba wake Peter, mkulima mkali aliyetaka kijana ajue kazi za shamba na asimtegemee mtu. Huko vijijini hakukuwa na vifaa vya michezo vya kununuliwa. Watoto walicheza na walichokiokota. Mchezo mmoja ulikuwa wa kuweka jiwe juu ya mwamba, kisha kila mmoja akasimama mbali na kulilenga kwa jiwe lake ili aliangushe. Naomba msomaji aushike mchezo huo akilini, tutaukuta tena mbele.

Skuli ilimshinda. Aliiacha sekondari akiwa kijana mdogo na kuingia msituni kukata magogo, kazi ya wanaume wa shoka. Alikaa huko miaka kadhaa. Kisha akarudi darasani, barobaro mzima mwenye ndevu, akaketi na watoto waliokuwa nyuma yake kwa miaka, na akamaliza. Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Nawataja hapa kwa makusudi vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Majengo walioacha skuli kidato cha pili, na ambao tumeshawafutia jina. Mtu ambaye leo mchezo wake unachezwa dunia nzima alikuwa mmoja wao.

Huko McGill, Naismith alikuwa mwanafunzi wa kujifungia na vitabu, kwani nia yake ilikuwa kuwa mhubiri wa Kanisa la Presbyterian. Wenzake ndio waliomfuata chumbani na kumshauri kwamba mwili nao una haki yake. Alikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi na hakurudi nyuma tena. Alicheza raga na lakrosi, akawa hodari wa jimnastiki, na alipopata shahada yake mwaka 1887 chuo kilimpa kazi ya kufunza mazoezi ya viungo huku akiendelea na masomo ya dini. Jumapili nyingine alisimama kuhubiri na jicho limevimba kwa kipigo cha uwanjani.

Watu wa kanisa lake hawakufurahi. Siku zile michezo ilionekana ni mtego wa Shetani wa kuwavuta vijana, na jamaa zake wenyewe walisikitika kuona mtu aliyeandaliwa kwa mimbari akipotea viwanjani. Lakini yeye alikuwa ameona jambo. Siku moja katika mechi, mchezaji mwenzake aliyekasirika alitoa tusi, kisha akageuka na kumuomba radhi Naismith, kwa kuwa alimheshimu. Naismith alilitafakari sana tukio hilo. Kijana ambaye pengine hangekanyaga kanisani alikuwa amejirekebisha mwenyewe uwanjani, bila kuhubiriwa. Alipomaliza masomo yake ya dini mwaka 1890, hakutafuta kanisa la kuongoza. Alikwenda Springfield, Massachusetts nchini Marekani, kwenye chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, kilichowafunza walimu wa mazoezi na viongozi wa matawi.

Nasimama hapa kidogo, maana najua kuna msomaji anayejiuliza kwa nini Mwislamu anamsifu mtu aliyesomea ukasisi. Hekima sisi huiokota tunapoikuta. Na mjadala ule wa kina Naismith hata kwetu upo. Kuna wazee wanaouona uwanja ni lahwi tupu na kupoteza wakati, ilhali twasoma katika sira kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na kwamba alishikana mieleka na Rukana akamwangusha. Mwili ni amana. Anayemfunza mtoto kuutunza mwili wake anamfunza kutunza amana.

Tuendelee. Mkuu wa idara ya mazoezi pale Springfield alikuwa Luther Gulick, daktari kijana mwenye fikra kubwa. Aliamini kwamba mwili, akili na roho ni pande tatu za kitu kimoja, huwezi kuujenga upande mmoja ukaacha miwili. Majira ya baridi ya mwaka 1891 Gulick alikuwa na tatizo la darasa moja. Lilikuwa na wanaume 18, watu wazima, waliokuwa wakisomea uongozi wa matawi. Baridi ilipoingia na viwanja vya nje vikafungwa, walitakiwa kufanya mazoezi ndani: kunyoosha mikono kwa hesabu, kupanda ngazi, kuruka farasi wa mbao. Waliyachukia mno. Walimu wawili waliopewa darasa lile walinyoosha mikono. Gulick akamkabidhi Naismith, na akampa siku 14 abuni mchezo wa ndani utakaowashika watu wale bila ya kuwavunja mifupa.

Jambo la kwanza alilofanya Naismith ndilo ninalotaka kila mwalimu alisikie. Hakuwalaumu wanafunzi. Aliamua kwamba wale watu hawana kasoro, kasoro iko kwenye kile wanachofunzwa. Akajaribu kuwaletea ndani michezo waliyoipenda. Kandanda ya Kimarekani ikawa vurugu, mpira wa miguu ukavunja vioo, lakrosi ikawaumiza watu mikono na nyuso. Siku zikayoyoma, darasa likazidi kununa.

Zilipobaki siku chache alikaa chini na kufikiri kama fundi anavyofungua mashine. Mpira upi una salama? Mkubwa, usiohitaji fimbo wala gongo. Kwa nini watu huumizana katika raga? Kwa sababu mwenye mpira hukimbia nao, na njia ya kumsimamisha ni kumwangusha. Basi mwenye mpira asikimbie nao, na sababu ya kuangushana itaondoka. Likabakia goli. Goli likiwa chini na wima, mtu atapiga kwa nguvu zake zote na kumuumiza mlinzi. Hapo akaukumbuka mchezo wa utotoni wa jiwe juu ya mwamba. Waliotupa kwa nguvu walikosa, na waliorusha taratibu, jiwe likapanda na kushuka, ndio waliopata. Goli likilazwa na kupandishwa juu ya vichwa, nguvu hazitafaa kitu. Patatakiwa ustadi.

Asubuhi ya tarehe 21 Disemba 1891 alimuomba mwangalizi wa jengo masanduku mawili. Masanduku hayakuwepo, kulikuwa na vikapu viwili vya kutilia matunda ya pichi. Naismith alivipigilia misumari kwenye roshani ya ukumbi, mmoja huku na mwingine kule. Roshani ile ilikuwa na kimo cha futi 10 kutoka chini, na hadi leo, kuanzia Makande hadi Marekani, kikapu kiko futi 10. Sheria zilikuwa 13, zimepigwa taipu karatasi mbili na kubandikwa ukutani. Wanaume 18 wakagawanywa tisa kwa tisa. Mchezo ulimalizika bao moja kwa bila, lakini likizo ilipofika wanafunzi wale waliubeba hadi kwao, na kwa muda mfupi matawi ya YMCA ya nchi mbalimbali yalikuwa yakiandika barua kuomba sheria. Mwanafunzi mmoja alipendekeza mchezo uitwe kwa jina la mwalimu. Naismith alicheka na kukataa.

Hakuuandikisha kuwa mali yake, wala hakupata utajiri kwao. Karatasi zile mbili za sheria ziliuzwa mnadani mwaka 2010, miaka mingi baada ya yeye kufa, kwa zaidi ya dola milioni 4. Yeye aliishi kwa mshahara wa ualimu.

Wasichana nao hawakukawia. Walimu wa kike wa skuli ya jirani walisikia kelele za ukumbini, wakaingia kutazama, wakauliza kama nao wanaweza kucheza. Naismith hakuona sababu ya kuwakataza, na mmoja katika wanawake wa mwanzo kucheza pale Springfield, Maude Sherman, alikuja kuwa mkewe mwaka 1894. Si mbali na hapo, katika Chuo cha Smith, mwalimu wa mazoezi aitwaye Senda Berenson aliuchukua mchezo, akazibadili sheria ziwafae wasichana wake, na Machi 1893 akaandaa mechi baina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Ukumbi ulijaa wasichana wakishangilia. Watazamaji wanaume hawakuruhusiwa kuingia.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, ndugu msomaji. Miaka zaidi ya 130 iliyopita, katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu, mwalimu mmoja alipata njia ya kumchezesha msichana kwa stara yake. Leo kwetu twaambiwa msichana wa Kiislamu hawezi kufanya mazoezi kwa sababu ya stara. Ukuta wa mabati, saa moja ya uwanja kwa wasichana peke yao, mwalimu wa kike na nguo pana: ni mambo ya gharama gani hayo? Ni mara ngapi bodi ya skuli imekaa ikayajadili? Mama zetu na dada zetu wanaougua sukari na presha wakiwa na miaka arubaini walikuwa wasichana wale wa kivulini, na hilo latupasa tuliangalie.

Mwaka 1895 Naismith alihamia Denver, jimbo la Colorado. Mchana alisimamia mazoezi ya YMCA, na wakati huo huo akisomea udaktari katika Chuo cha Tiba cha Gross. Alihitimu mwaka 1898, akiwa na mke na watoto. Angeweza kufungua zahanati na kuishi vyema. Badala yake alikwenda Chuo Kikuu cha Kansas, mji wa Lawrence, kuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na msimamizi wa ibada za chuo. Alikaa huko karibu miaka arubaini.

Udaktari ule aliutumia darasani. Kwake somo la mazoezi lilianza kwa kumjua mwanafunzi: kimo chake, kifua chake, uti wa mgongo umenyooka au umepinda, moyo wapiga vipi. Aliwapima, kisha akampa kila mmoja mazoezi yanayomfaa. Mnyonge hakulazimishwa kufuatana na mwenye nguvu, wala hakuachwa aketi. Jimnastiki, mieleka na mchezo wa vitara alivipenda kuliko hata ule mchezo aliouzaa mwenyewe, kwa sababu aliona vinaujenga mwili mzima.

Hapa pana kisa ambacho wapenzi wa vikapu hukisimulia kwa kicheko. Naismith alikuwa kocha wa kwanza wa timu ya chuo hicho, na aliiongoza hadi mwaka 1907. Alishinda mechi 55 akashindwa 60. Ndiye kocha pekee katika historia ya timu ile aliyeshindwa mara nyingi kuliko kushinda! Mara nyingine alikuwa refa wa mechi za timu yake mwenyewe. Mwanafunzi wake Phog Allen alipomwambia amepata kazi ya kuwa kocha, Naismith alishangaa, maana kwa maoni yake mchezo ule haukuhitaji kocha, ulihitaji kuchezwa. Allen akaja kuwa kocha mkubwa, wala simbezi. Lakini kipimo cha Naismith kilikuwa kingine. Alitaka kujua kijana huyu atakuwa mtu wa aina gani akifika umri wa mzee, na hilo halionekani kwenye ubao wa mabao.

Nasi tuna ugonjwa huo. Skuli yenye timu inayofika mashindano ya kaunti hujisifu kuwa inajali michezo. Ukihesabu, timu ina wanafunzi 12 na skuli ina wanafunzi 900. Hao wengine 888 nani aliwapima moyo? Nani aliwafunza kunyoosha mgongo baada ya kukaa kwenye dawati mchana kutwa? Kuwa na timu si kuwa na somo la PE, kama vile kuwa na qarii mmoja bingwa si dalili kwamba madrasa nzima inajua kusoma.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimtoa Naismith chuoni. Mwaka 1916 alikuwa kasisi wa kikosi cha Kansas kilichopelekwa mpaka wa Mexico, na mwaka 1917 alivuka bahari kwenda Ufaransa na YMCA, akakaa huko hadi 1919. Alikuwa na umri unaopita miaka 55. Kazi yake ilikuwa na vijana wa miaka 18 na 20, walio mbali na makwao, wana pesa mfukoni, na madanguro yako nje ya kambi. Magonjwa ya zinaa yaliangusha wanajeshi wengi, na watu wengi wa dini waliona ni jambo la aibu kutajwa. Naismith alilitaja. Kama daktari alieleza ugonjwa unavyoingia mwilini na unavyoharibu. Kama mhubiri alizungumza juu ya nafsi, wazazi na wake wanaowangoja. Na kama mwalimu wa PE aliwapangia michezo jioni, kwa kuwa alijua kijana aliyeketi bure huku damu inachemka hatazuiwa na hotuba peke yake. Mwaka 1918 alichapisha kitabu kidogo juu ya misingi ya maisha yenye afya.

Katika maisha yake yote, hilo ndilo linalotugusa zaidi sisi wa Pwani. Sijui haya hii tuliitoa wapi. Mtoto wa madrasa hufunzwa hedhi, janaba na josho kabla hajabaleghe, na vitabu vya fiqhi haviumi maneno mahali elimu inapohitajika. Bibi zetu walikuwa na somo na kungwi, mtu maalumu aliyeaminiwa kumkalisha kitako mwari na kumweleza mwili wake. Somo amepungua, kungwi amebaki wa harusi, mwalimu wa skuli aogopa wazazi, na mzazi aamini kuwa mwalimu ameshasema. Katikati hapo kijana ameachwa na simu yake. Simu haina haya wala huruma, na inafunza usiku kucha. Hali kadhalika mihadarati. Tumezika vijana wangapi katika mitaa yetu? Anayemuuzia mtoto sumu humweleza kwa ufasaha raha yake. Nani wa kumweleza kwa ufasaha namna inavyoshika mishipa na ubongo, ikiwa kipindi cha afya kimegeuzwa kipindi cha hesabu?

Kisa cha mwisho ninachotaka kusimulia ni cha miaka yake ya uzeeni. Mwaka 1933 alijiunga na chuo cha Kansas kijana mweusi aitwaye John McLendon kusomea ualimu wa mazoezi ya viungo. Siku hizo ubaguzi ulikuwa desturi, na mtu mweusi hakuruhusiwa kuichezea timu ya vikapu ya chuo. McLendon alitaka kujifunza kwa yule aliyeubuni mchezo. Naismith, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alimpokea akawa mshauri wake. Kuogelea lilikuwa sharti la kuhitimu, na bwawa la kuogelea lilikuwa la wazungu. McLendon aliidai haki yake, mzee akasimama upande wake, na bwawa likaishia kufunguliwa kwa wote. Naismith alimsaidia pia kupata nafasi ya kufanya mazoezi ya ualimu katika sekondari ya mji wa Lawrence. Mwaka 1936 kijana alihitimu, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo pale.

McLendon hakuwahi kuichezea Kansas hata dakika moja. Lakini alikwenda kufunza vyuo vya weusi, akakibadili kipindi kizima cha mchezo kwa mtindo wake wa mbio, akatwaa ubingwa wa kitaifa wa mashindano ya NAIA miaka mitatu mfululizo, 1957 hadi 1959, na timu ya Tennessee. Ukitaka kujua mwalimu alikuwa nani, tazama aliowaacha. Naismith aliwaacha Allen na McLendon, mmoja chuo kilimtukuza, mwingine kilimfungia mlango. Yeye aliwafunza wote wawili.

Mwaka huo huo wa 1936 mpira wa vikapu uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin. Makocha wa Marekani walichangishana fedha ili mzee aweze kusafiri, kwani mfuko wake haukumtosha. Aliurusha mpira wa kwanza wa mashindano. Fainali ilichezwa nje, uwanja wa udongo, mvua inanyesha, na Marekani ikaishinda Kanada mabao 19 kwa 8, nchi aliyoishi dhidi ya nchi aliyozaliwa. Naismith aliwavisha washindi medali. Mwaka uliofuata alistaafu, na mwaka huo huo Maude akafariki. Yeye aliaga dunia tarehe 28 Novemba 1939 mjini Lawrence. Kitabu chake juu ya asili ya mpira wa vikapu kilitoka mwaka 1941, akiwa kaburini.

Kwetu Kenya mtaala mpya umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Karatasi ni nzuri. Lakini nimeshasema, kipindi chetu cha PE kilikuwa kizuri karatasini pia. Kitakachokitoa kwenye karatasi ni wazazi kuuliza. Basi mkutano ujao wa wazazi, baada ya karo na alama, naomba tumuulize mwalimu mkuu maswali matatu. Ni nani anayefunza PE, na je, alisomea? Wasichana wetu wanafanyia mazoezi wapi, na kwa stara gani? Na ni nani anayezungumza na watoto hawa juu ya baleghe, magonjwa na mihadarati, na anasema nini?

Kwa walimu wenzangu wa fani hii, mnaodharauliwa katika chumba cha walimu na kuombwa kipindi chenu kila mitihani inapokaribia, nina neno moja. Darasa lile la watu 18 lilikuwa limeshakatiwa tamaa na walimu wawili. Kila skuli ya Pwani ina darasa kama hilo, na yamkini ni lenu. Msilitoe kipindi hicho.